Lugha ya Tangazo na Jibu la Hadhira: Uhakiki wa Matini za Ebola za Beni na Butembo katika Hifadhi za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeketi mbele ya kompyuta kutafuta matini za Kiswahili cha Kongo ya Mashariki hatakosa cha kusoma. Atapata mahubiri, atapata taarifa za habari, na atapata matangazo ya afya, hasa yale yaliyotolewa wakati wa Ebola na baadaye wakati wa UVIKO-19. Akiendelea kutafuta atagundua upungufu mmoja mkubwa. Matini hizo karibu zote zinasema na watu. Ni chache mno ambamo watu wenyewe wanasema.

Makala haya yanachunguza upungufu huo kwa kutumia mfano wa miji miwili ya Kivu ya Kaskazini, Beni na Butembo, katika miaka ya 2018 hadi 2020. Tutaanza kwa kueleza mahali na wakati, kisha tutahakiki msamiati wa matangazo yaliyotolewa, aina ya Kiswahili kilichotumika, na majibu yaliyotoka kwa hadhira. Mwishoni tutauliza ni kipi kati ya hivyo kimehifadhiwa mtandaoni, na nini kitafuata. Dai letu ni kwamba tangazo na jibu lake ni matini moja yenye pande mbili, na kwamba hifadhi inayotunza upande mmoja tu inatupa picha potovu ya lugha na ya watu wake.

2.0 Mahali, Wakati na Lugha

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kitovu chake cha mwanzo kilikuwa Mangina, karibu na mji wa Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao walikufa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Ugonjwa ulirejea tena eneo la Butembo mwezi Februari 2021 na Beni mwezi Oktoba mwaka huohuo, ingawa mara hizo ulidhibitiwa mapema zaidi.

Takwimu hizo hazitoshi kueleza hali ya Beni. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa mji huo na vijiji vinavyouzunguka walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi katika mauaji yaliyorudiwa mwaka baada ya mwaka. Shambulio la tarehe 22 Septemba 2018 liliua raia mjini humo, na kazi ya kuwafuatilia wagonjwa ikakwama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo watu walioambiwa wajihadhari na ugonjwa walikuwa tayari wakiomboleza wafu wengine ambao hakuna magari mengi yaliyokuja kwa ajili yao.

Kuhusu lugha, wengi wa wenyeji wa Beni na Butembo ni Wanande, na Kinande ndicho lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara, ya redio na ya makanisa mengi. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya shule za juu, pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989. Mtu mmoja anaweza kuzitumia lugha zote tatu katika siku moja, kila moja kwa shughuli yake. Mhakiki anayeliita eneo hili la wasemaji wa Kiswahili bila kuongeza neno amekwisha kupoteza nusu ya habari.

3.0 Msamiati wa Vita na wa Polisi

Neno lililotawala miaka hiyo miwili lilikuwa la Kifaransa: riposte. Kazi yote ya kupambana na Ebola, pamoja na watu wake, magari yake na fedha zake, iliitwa hivyo, na wenyeji wakalitumia neno hilo hata walipokuwa wakizungumza Kiswahili. Katika Kifaransa, riposte ni pigo la kujibu pigo. Ni neno la mchezo wa upanga na la jeshi. Kwa mtaalamu wa afya aliyezoea lugha ya ofisi za Geneva au Kinshasa, maana hiyo imekwisha kufifia. Je, ilikuwa imefifia pia kwa msikilizaji wa Beni, ambaye usiku uliopita alisikia milio ya bunduki?

Neno hilo halikuja peke yake. Mgonjwa ambaye hajathibitishwa aliitwa kwa Kifaransa cas suspect. Ukilifasiri neno kwa neno utapata kesi inayoshukiwa, na katika Kiswahili kesi ni ya mahakamani na mshukiwa ni wa polisi. Kazi ya kutafuta wagonjwa iliitwa surveillance, ambayo mfasiri mwangalifu ataiita ufuatiliaji na mfasiri mwenye haraka ataiita upelelezi. Waliokutana na mgonjwa waliitwa contacts, majina yao yakaandikwa katika orodha, na orodha ya majina si jambo dogo katika nchi ya vita. Hata waliopona waliitwa vainqueurs, yaani washindi. Tukiyaweka maneno haya pamoja, tunaona mfumo kamili wa taswira: kuna adui, kuna kikosi, kuna washukiwa, kuna wapelelezi, na mwisho kuna washindi.

Msomaji anaweza kusema kwamba hizi ni istilahi tu, na kwamba istilahi hazihakikiwi kama shairi. Tunakubali kwamba waliozitumia hawakukusudia taswira. Lakini maana ya matini haikai katika nia ya msemaji peke yake. Hukamilika kwa msikilizaji, na hukamilika kulingana na muktadha. Katika muktadha wa Beni na Butembo, timu za afya mara nyingine zilifika zikisindikizwa na polisi au askari wenye silaha. Hapo taswira ilikoma kuwa taswira. Neno la vita lilishuka kutoka garini likiwa limebeba bunduki. Mwezi Machi 2019, baada ya vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo kushambuliwa tarehe 24 na 27 Februari, Joanne Liu, aliyekuwa rais wa kimataifa wa Médecins Sans Frontières, alikosoa hadharani matumizi ya nguvu za polisi na jeshi katika kazi ya tiba. Ukosoaji wake ulihusu vitendo. Sisi tunaongeza kwamba lugha ilikuwa imekwisha kuvitangaza vitendo hivyo kabla havijatendeka.

4.0 Kiswahili Kipi?

Suala la pili ni aina ya Kiswahili. Vipeperushi vingi viliandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili kinachokaribia kile cha vitabu vya pwani. Mwandishi wa matini hizo alidhani kwamba akishaandika Kiswahili amekwisha kumfikia kila mtu. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza jambo hili Goma na Beni mnamo 2019 na 2020, lilionyesha kwamba dhana hiyo haikuwa sahihi. Watu walitaka maelezo marefu na ya wazi, kwa Kiswahili cha kwao au kwa Kinande, na zaidi kwa sauti kuliko kwa maandishi.

Tofauti baina ya Kiswahili hiki na kile cha pwani si ya matamshi tu. Chukua sentensi ifuatayo tuliyoitunga wenyewe kwa ajili ya mfano: Banganga banatosha muntu damu. Msomaji wa Zanzibar ataona waganga, na atafikiria tunguri na hirizi. Kisha ataona kutosha, na atafikiria kiasi kinachoridhisha. Msemaji wa Kivu anasema jambo rahisi kabisa, kwamba madaktari wanamtoa mtu damu. Munganga ni daktari wa hospitali, na kutosha ni kutoa. Sentensi hiyohiyo tukiigeuza kwa Kiswahili sanifu itaeleweka Beni, lakini itasikika kama sauti ya mtu wa mbali, wa shuleni au wa serikalini. Katika jambo la damu, la maiti na la mtoto anayechukuliwa na gari, umbali huo una gharama.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu ni adui wa wasemaji wa Kongo. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, imetumia Kiswahili chenye usanifu wa kiasi na imesikilizwa. Tunachosema ni kwamba usanifu ni chaguo la mtindo, na kila mtindo humweka msemaji mahali fulani mbele ya hadhira yake. Mwenye tangazo aliyechagua lugha ya mbali alijiweka mbali.

5.0 Jibu la Hadhira

Hadhira haikukaa kimya. Utafiti wa Patrick Vinck na wenzake uliofanywa mjini Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 kwa watu wazima 961, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba asilimia 25.5 hawakuamini kuwa mlipuko ule ulikuwa wa kweli. Ni asilimia 31.9 tu waliokuwa na imani kwamba viongozi wa mahali walitetea maslahi yao. Tarakimu hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Anayesoma ile ya kwanza tu ataona ujinga. Anayezisoma zote mbili ataona hoja: tumeshindwa kuamini lisemwalo kwa sababu tunamjua asemaye.

Hoja hiyo ilisambaa kwa njia gani? Ilisambaa kanisani, sokoni na kwenye matanga, kama zamani. Lakini safari hii ilisambaa pia kwa simu, hasa kwa ujumbe wa sauti unaorekodiwa na kupelekwa kwa kikundi. Sababu yake ni ya kiisimu kama ilivyo ya kiufundi. Kiswahili cha Kivu hakina tahajia iliyozoeleka na wote. Anayekiandika husita baina ya mtindo wa Kifaransa, mtindo wa Biblia na mtindo wake mwenyewe. Anayekisema hasiti. Simu iliyopokea sauti iliiondolea lugha hii kikwazo chake cha miaka mingi.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitukumbusha kwamba utanzu hubainishwa kwa umbile lake pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji wake. Kwa kigezo hicho, ujumbe wa sauti unastahili kuchunguzwa kama utanzu. Una fanani, ingawa jina lake hupotea kadiri ujumbe unavyopita mikononi. Una hadhira, ambayo huweza kujibu papo hapo au baada ya siku mbili. Una ukumbi usio na mahali. Na una jambo ambalo maandishi ya tangazo hayana: pumzi, kigugumizi, hasira na kilio cha msemaji. Anayeuita wote huo uvumi, kisha akaandika orodha ya uvumi kwa Kifaransa ili usahihishwe, amefanya kazi ya tabibu. Mhakiki ana kazi nyingine.

Tusitie chumvi. Baadhi ya maneno yaliyosambazwa hivyo yaliua. Yaliwazuia watu kwenda kutibiwa mapema, na yaliwachochea wengine kushambulia vituo. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya milipuko kutoka Kameruni, aliuawa mjini Butembo akiwa kazini katika kliniki za chuo kikuu. Hakuna nadharia ya fasihi itakayolifanya jambo hilo kuwa sanaa. Ila ni kwa sababu hiyo hasa kwamba tunahitaji kuyaelewa matini hayo kwa undani: neno lenye uwezo wa kuua halifai kusomwa kwa muhtasari.

Zaidi ya hayo, yako majibu ambayo hayakuwa uvumi hata kidogo. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba upigaji kura wa Beni na Butembo ungeahirishwa hadi Machi 2019, Ebola na usalama vikitajwa kuwa sababu. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, yaani kabla ya kura hizo. Masoko na makanisa yalikuwa wazi. Sanduku la kura peke yake ndilo lililoonekana kuwa hatari. Siku moja baada ya tangazo, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walijipanga foleni wakapiga kura ya mfano, wakijua wazi kwamba haitahesabiwa. Kura ile ilikuwa tamthiliya kwa maana kamili ya neno: watu waliigiza mbele ya taifa kile walichonyimwa. Siku iliyofuata, tarehe 31 Desemba, intaneti na ujumbe mfupi vilifungwa nchini kote kwa takriban siku ishirini. Katikati ya mlipuko, simu zilezile zilizokuwa zikilaumiwa kwa kueneza uvumi, na ambazo zingeweza kubeba ushauri wa afya, zilinyamazishwa.

Hatuna budi kutaja pia mahali ambapo mawasiliano yalifaulu. Shirika la ALIMA lilitumia Beni vyumba vya matibabu viitwavyo CUBE, vyenye kuta za plastiki angavu. Ndugu wa mgonjwa aliweza kusimama nje, akamwona mtu wake, akasema naye. Vilevile waliopona, ambao mwili wao ulikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao. Ukuta ule angavu haukuandikwa neno lolote, lakini ulijibu swali ambalo vipeperushi havikulijibu: wanafanya nini na ndugu yetu huko ndani? Na mlezi aliyepona, akimbembeleza mtoto kwa Kinande au kwa Kiswahili cha mtaani, alikuwa ushahidi hai. Katika mifano yote miwili, mwenye kutangaza aliruhusu kutazamwa na kuulizwa.

6.0 Kilichohifadhiwa

Tugeukie sasa hifadhi za kompyuta. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, Kiswahili cha Kongo kimepewa alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha pwani. Alama hiyo ni mlango. Tukiufungua tunakuta nini ndani?

Kwanza, tunakuta dini. Mkusanyiko uitwao JW300, uliotolewa mwaka 2019, ulitokana na maandishi ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, na Kiswahili cha Kongo kilikuwa miongoni mwao. Mitambo ya tafsiri ilifunzwa kwa maandishi hayo kabla mkusanyiko haujaondolewa kwa sababu za hakimiliki. Pili, tunakuta afya. Mkusanyiko wa TICO-19 wa mwaka 2020 una sentensi 3,071 kuhusu UVIKO-19 zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, na swc imo. Hata semi za mazungumzo ya mgonjwa na daktari zilizomo humo zilianza kwa Kiingereza. Tatu, katika mradi mkubwa wa tafsiri uliotangazwa na kampuni ya Meta mwaka 2022, wenye lugha zipatazo 200, Kiswahili kina nafasi moja tu, ile ya swh.

Kazi hizo zina manufaa, na waliozifanya wanastahili shukrani. Bila wao swc isingekuwa na kitu. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza ni tanzu zipi zilizomo. Mahubiri na tangazo la afya ni tanzu mbili zenye tabia moja: msemaji anajua, msikilizaji anapaswa kujua. Mtambo uliolishwa tanzu hizo utajifunza Kiswahili cha Kongo cha kuonya, cha kuagiza na cha kuhimiza. Hautajifunza namna mama wa Butembo anavyouliza, anavyokejeli, anavyokataa au anavyoomboleza. Siku mtambo huo utakapowekwa katika simu ili umjibu mama huyo wakati wa mlipuko mwingine, utazungumza naye kwa sauti ileile aliyoikataa mwaka 2018.

Na majibu je? Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya maswali, shaka na mapendekezo ya watu, na maoni hayo yalipangwa katika mafungu ili yawasaidie wenye kutoa maamuzi. Huo ulikuwa usikilizaji wa kweli, na ulibadili baadhi ya mambo. Lakini taarifa zilizowafikia wasomaji wa nje zilikuwa kwa Kifaransa na Kiingereza, zikiwa zimefupishwa na kuwekwa chini ya vichwa vya habari. Maana ilibaki kwa sehemu, umbo lilipotea. Ujumbe wa sauti wenyewe umelala katika simu kuukuu, au umefutwa ili kupata nafasi ya picha.

Mfano wa njia nyingine upo. Tangu miaka ya 1990 Johannes Fabian na Vincent de Rooij, wakiwa Amsterdam, waliweka mtandaoni matini za Kiswahili cha Katanga: mahojiano, historia na mazungumzo yaliyonukuliwa kama yalivyosemwa, pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 Fabian alionyesha jinsi hifadhi ya namna hiyo inavyobadili uandishi wa kitaaluma, kwa kuwa msomaji anaweza kuisoma matini yote na kumpinga mwandishi. Lubumbashi ilipata bahati hiyo. Beni na Butembo bado.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha ya matangazo ya Ebola mjini Beni na Butembo ilibeba taswira za vita na za polisi katika mahali palipokuwa na vita na polisi. Kwamba aina ya Kiswahili iliyochaguliwa iliongeza umbali. Kwamba hadhira ilijibu kwa tanzu zake yenyewe. Na kwamba hifadhi za kompyuta zimetunza tangazo na kuliacha jibu.

Yafuatayo yanapendekezwa. Idara za Kiswahili, zikishirikiana na vyuo vya Butembo na Beni, zianze kukusanya masimulizi ya miaka hiyo kwa sauti, katika Kiswahili cha mahali na katika Kinande, kwa idhini ya wasemaji na kwa kuficha majina ya wanaotaka yafichwe. Maneno ya mfiwa si kuni za kuokotwa njiani. Mwenye nayo lazima aulizwe, na awe na haki ya kuyarudisha. Wanafunzi wafundishwe kunukuu Kiswahili cha Kongo bila kukisahihisha. Na wanaotunga istilahi za afya wamwite mhakiki kabla ya kuzichapa, wamsomee kila neno, na wamwulize litasikikaje mlangoni pa mtu aliyefiwa.

Kazi hii haiwezi kungoja sana. Waliokuwa watu wazima mwaka 2018 bado wanakumbuka walichosema na sababu ya kukisema. Wengi wao wangali Beni na Butembo, na wanapaswa kuulizwa kwa lugha yao ili maneno yao yaandikwe yalivyo.